Metali za katikati ya tablo haziko za egzameni tu



Siku ya posho iliyopita, nyuma ya kazi za mikono, tulikaa chini ya muembe karibu na jiko, na mabishano yakaanza. Mwenzetu mumoja wa mwaka wa tano alisema hivi: «Zile elementi zote za katikati ya tablo, kutoka skandi mpaka zinki, tunazijifunza juu ya egzameni tu. Mutu anayechimba kobalti hajui d ni nini, na iko na franka mu mufuko. Sisi tunajua d, na viatu vyetu vimetoboka.» Watu wakacheka sana. Hata mimi nilicheka. Lakini usiku usingizi haukukuja, sababu mumoja wa wale wanaochimba ni yaya yangu, na mimi najua ni franka ngapi inaingia mu mufuko wake, na najua namna inaingia.

Njo maana naandika. Sitaki kumupiga mwenzangu mu gazeti. Alisema kwa sauti kubwa neno ambalo wengi wetu wanalisema mu moyo. Wazo langu ni hili: yeye amekosea, lakini amekosea kwa sababu sisi wote, pamoja na masomo yetu, tumemupa ruhusa ya kukosea. Acha nieleze polepole.

KWANZA: hizi metali ni wapagazi

Mwalimu alitufundisha kama metali za mpito ni zile ambazo chumba chao cha d hakijajaa, ao zinaweza kutoa ioni yenye chumba cha d kisichojaa. Tuliandika, tukakariri, basi. Kwa neno hilo zinki, ingawa inakaa mu safu moja nazo, haihesabiwe kati yao, sababu ioni yake iko na d iliyojaa kabisa. Mu interro wengi tulianguka hapo.

Lakini hatukuuliza: chumba wazi, chumba kilichojaa, hiyo inabadilisha nini mu maisha? Jibu langu ni fupi. Inaamua metali hii itabeba nini. Mimi naziita wapagazi. Mupagazi mumoja anabeba umeme, mwingine anabeba pumzi, mwingine anafungua mulango kusudi mizigo iingie na kutoka. Nitatwaa watatu tu, wale wa kwetu: mukuba, chuma na kobalti.

Mukuba. Jimbo letu lilibeba jina lake, Shaba, kuanzia 1971 mpaka 1997. Atomi yake iko na elektroni 29. Mu chumba cha 3d muko 10, chumba kimejaa, mulango umefungwa. Imebaki moja tu inje, mu 4s. Mu kipande cha mukuba, ile moja ya kila atomi haina mwenyewe. Inatembea kutoka atomi hii mpaka ile, na hakuna mulango wazi wa kuikawiza njiani. Chuma nacho kiko na elektroni 26, na mu chumba chake cha 3d nafasi bado iko. Elektroni inayotembea inapita karibu na mulango wazi, inaingia, inakawia, inatoka kwa njia ingine. Matokeo tunaweza kuyapima. Twaa waya wa mukuba wa metre 100, unene wake milimetre mraba 1: unazuia umeme kwa ohm 1.7 hivi. Twaa waya wa chuma wa kipimo kilekile: karibu ohm 10. Ni mara sita hivi! Na kwa moto ni vilevile: sufuria ya mukuba inapitisha moto karibu mara tano kupita ya chuma. Mu metali zote ni feza tu inayoshinda mukuba, na kwa kidogo sana.

Lakini sherti mukuba iwe safi. Chembe kidogo za fosfori ao za arseniki zinatosha kuharibu njia ya elektroni. Njo sababu viwanda vinaisafisha kwa umeme mpaka inafika 99.99 kwa mia. Na hapa kuna hesabu ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa sita anaweza kufanya. Kila ioni ya mukuba inaomba elektroni mbili. Kwa gramu 63.5 inaomba kulombi 193,000. Kwa tani moja, na volti 2, inafika karibu kilowati-saa 1,700. Kwa hiyo mukuba inaomba umeme kusudi itoke mu maji ya asidi, na umeme unaomba mukuba kusudi utembee. Mara mutu anasikia hesabu hii anafahamu kwa nini walijenga Mwadingusha ku muto Lufira, na Nzilo na Nseke ku Lualaba, na kwa nini mu 1982 waliwasha laini ya umeme ya karibu kilometre 1,700 kutoka Inga mpaka Kolwezi. Anafahamu tena kama mutu anayekata kable usiku kusudi aiuze kwa kilo, anauza mupagazi kwa bei ya nyama yake. Ile kable ingefanya kazi miaka makumi. Yeye amekula siku mbili, na dispansere inazalisha wamama kwa mwanga wa mushumaa.

Chuma. Tumekwisha kusema kama mulango wake uko wazi, na njo sababu haiko waya muzuri. Sasa ona: ule mulango wazi unaofanya chuma kuwa waya mubaya, njo unaoifanya kuwa mupagazi muzuri mu damu. Mutu muzima iko na gramu 3 ao 4 tu za chuma mu mwili wake, karibu uzito wa musumari moja. Sehemu kubwa iko ndani ya hemoglobini. Kila hemoglobini iko na atomi 4 za chuma, na kila moja inashika oksijeni moja ku mapafu, inaipeleka ku muguu, ku kichwa, ku mutoto aliye mu tumbo, na kuiacha kule. Kushika ni rahisi; kushika na kuacha kwa wakati wake, hiyo ni akili. Max Perutz alitumika miaka mingi sana kule Cambridge mbele ya kuonyesha umbo la hemoglobini. Yeye na John Kendrew walipewa Nobel ya kemia mu 1962.

Na sasa neno ambalo naomba kila mutu wa internat asome mara mbili. Ule mulango wa chuma haupokee oksijeni peke yake. Gazi la monoksidi ya kaboni, lile linalotoka mu makala yanayowaka bila hewa ya kutosha, linashikwa na chuma ya damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200. Halina harufu. Halina rangi. Mutu anawasha mbabula mu chumba juu ya baridi ya Juni, anafunga mulango na dirisha, analala. Mupagazi wa pumzi anabeba muzigo mubaya na hawezi tena kuuweka chini. Asubuhi watu wanasema ni uchawi, wanatafuta adui. Adui ni mbabula na dirisha lililofungwa. Mwanafunzi aliyeelewa chumba cha d hawezi kulala na mbabula, wala kuacha mama yake alale nayo. Je, hiyo nayo ni ya egzameni tu?

Tena kuna jambo la kushangaza. Gazi hilohilo linaloua, wazee wetu walilitumikisha. Walitwaa jiwe la kijani, wakalipanga na makala mu tanuru ya udongo, wakapuliza kwa mivukuto. Moto ulifukuza maji na gazi la jiwe, na monoksidi ya kaboni ya makala ikanyanganya oksijeni iliyobaki. Mukuba mwekundu ukashuka. Wakaumwanga mu umbo la musalaba. Misalaba ile ilikuwa feza ya biashara na ya mahari, na wachimbaji wa mambo ya kale waliipata mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Mambo hayo yalikuwa mbele sana ya 1911, mwaka ambao tanuru kubwa ya Lubumbashi ilianza kutoa mukuba. Kemia haikuja kwetu ndani ya sanduku kutoka Ulaya. Ilikuwa hapa; iliondoka kidogo, na sasa tunaitafuta mu vitabu vya wengine.

Kobalti. Elektroni 27. Huyu ni mupagazi mwenye milango miwili: anatoa elektroni moja, anairudisha, anatoa tena, na hachoke upesi. Mu 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kama oksidi ya kobalti na liti inaweza kufanya batri. Wakati wa kuchaji, liti inatoka katikati ya tabaka za kobalti, na kobalti inapanda kutoka +3 kuelekea +4. Wakati wa kutumika, liti inarudi, kobalti inashuka. Mu 1991 batri ya namna hiyo ilianza kuuzwa, na leo simu iliyofichwa chini ya muto wa mwenzangu mumoja (sitasema jina) inatumika kwa ile kazi ya kupanda na kushuka. Mu 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Nobel. Na ile kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka mu inchi yetu, zaidi sana mu Lualaba na Haut-Katanga.

Mwili nao unaomba kobalti, lakini kidogo sana: atomi moja mu kila vitamini B12, ambayo umbo lake lilionyeshwa na Dorothy Hodgkin mu miaka ya 1950. Bila vitamini hiyo damu inakosa nguvu. Lakini mu 1965 na 1966, kule Quebec, inchi ya Kanada, watu walitia chumvi ya kobalti mu bia kusudi pofu likawie, na wanywaji wakubwa wakagonjwa moyo, wengine wakakufa. Kidogo ni uzima, mingi ni sumu. Yaya yangu anakula vumbi ya ile jiwe kutwa nzima bila hata kitambaa ku pua, na usiku anakohoa.

PILI: siku nilipopata haya

Sasa nirudi kwa mwenzangu na franka zake.

Yaya yangu aliacha masomo mu mwaka wa tatu, nyuma ya kifo cha baba, kusudi sisi wadogo tuendelee. Mimi niko hapa sababu yeye iko kule. Anachimba na wenzake wane. Wanajaza mufuko, wanaubeba ku kinga ya baiskeli mpaka fasi ya wanunuzi. Mununuzi anatwaa mashini ndogo sawa bunduki, anaiweka juu ya jiwe, anaangalia hesabu yeye peke yake, na anasema: «2 kwa mia.» Yaya yangu anasema: «Patro, jana kwa jirani yako, shimo lilelile, walisema 4.» Mununuzi anajibu: «Basi enda kwa jirani.» Na jirani siku hiyo naye anasema 2. Bei inatokana na ile hesabu. Wanagawanya franka kwa watu watano, wanatosha ya kukodi pampu, ya chakula, ya wale wanaosimama njiani. Inayobaki, mwenzangu wa mwaka wa tano, haiwezi kununua viatu unavyozania.

Likizo iliyopita yaya alileta mawe mawili ku nyumba. Moja nyeusi sawa makala, moja ya kijani. Akaniweka mu mukono, akasema: «Wewe mudogo wangu, unasoma shimi miaka mine sasa. Niambie, hii iko na ngapi?»

Wapenzi, mimi najua kuandika konfigurasio ya kobalti: 3d saba, 4s mbili. Najua rangi ya ioni yake mu maji, ya waridi. Najua manganezi inapanda kutoka +2 mpaka +7, na permanganati iko ya zambarau. Nilipata 16 juu ya 20. Lakini mbele ya jiwe la yaya yangu nilinyamaza. Yeye alingoja kidogo, kisha akasema tu: «Si kitu. Endelea kusoma.» Alitia jiwe mu mufuko, akatoka.

Siku ile nilisikia haya kupita siku zote za maisha yangu. Na njo hapa nasema mwenzangu amekosea. Anasema mutu wa kuchimba hajui d na anapata franka. Kweli ni kinyume: anapata kidogo sababu hajui, na yule mwenye mashini anapata mingi sababu anajua, ao sababu anashika mashini ya watu wanaojua. Mu kila biashara, mutu anayeamua kipimo njo anayekula. Ujinga hauko bure. Tunaulipia kila siku, kilo kwa kilo.

TATU: tungeweza kujibu nini?

Kisha nilirudi ku masomo na nikamuuliza mwalimu wetu wa shimi. Yeye hakunicheka. Alikaa na mimi mangaribi mawili, na haya njo niliyojifunza.

Jiwe la kijani ni malakiti. Ukihesabu kwa tablo, malakiti safi kabisa iko na mukuba 57.5 kwa mia. Haiwezi kupita hapo. Jiwe jeusi ni heterojeniti. Ikiwa safi kabisa, kobalti yake ni 64 kwa mia. Lakini mu shimo jiwe linachanganyika na udongo na mawe mengine, kwa hiyo hesabu inaanguka sana. Tayari hapa mutu anajua mwisho wa juu, na mutu wa kudanganya hawezi kumupitisha hapo.

Kwa malakiti tunaweza kupima sisi wenyewe. Ponda jiwe mpaka liwe unga. Pima gramu 10. Mwaga asidi kidogo kidogo, mbele ya mwalimu, na macho yakingwe: utasikia jiwe linachemka, ni gazi linatoka, na maji yanakuwa ya bluu. Chuja. Weka musumari safi wa chuma ndani. Chuma inatoa elektroni zake mbili, inaingia mu maji. Mukuba inazipokea, inashuka mwekundu juu ya musumari. Ngoja mpaka rangi ya bluu inaisha kabisa. Kwangua mukuba, osha, kausha, pima. Ukipata gramu 0.8, jiwe lilikuwa na 8 kwa mia. Hiyo tu! Tulifanya na jiwe la yaya, na mimi nilitetemeka mukono mbele ya mizani.

Kobalti iko nguvu zaidi. Heterojeniti haiyeyuke vizuri mu asidi peke yake, sababu kobalti ndani yake iko +3 na inakataa. Inaomba kuipa elektroni moja ishuke +2, kisha inaingia mu maji. Viwanda vyetu vinatumia gazi la sulfuri ao chumvi yake kwa kazi hiyo. Kisha inaomba kuondoa chuma na mukuba, sababu rangi zao zinafunika ile ya waridi. Nyuma ya hiyo unaweza kulinganisha rangi na maji ambayo unajua kipimo chake. Ni kazi ya siku nyingi, na ya mutu mwenye uvumilivu. Lakini ona: +3, +2, kupokea elektroni, rangi ya ioni, yote hayo ni yaleyale tunayoandika mu kaye! Masomo yalikuwa sawa. Kilichokosa ni jiwe juu ya meza.

INE: maombi yangu

Kwa waalimu wetu, kwa heshima yote. Tunajua labo haina vitu, na tunajua mushahara namna unakuja. Lakini jaribu la musumari linaomba musumari. Jaribu la waya linaomba batri, ampuli ya tochi, waya wa mukuba na waya wa chuma wa urefu moja. Mwanga wenyewe utasema ni nani mupagazi muzuri. Jaribu la damu linaomba kumueleza mutoto wa mwaka wa kwanza kwa nini dirisha lifunguliwe. Tunaomba kila juma saa moja tu ya kushika kwa mikono. Najua mutasema programu ni ndefu na egzameni ya Serikali inakuja. Ni kweli. Lakini mwanafunzi aliyeona musumari unageuka mwekundu hatasahau tena kama chuma inatoa na mukuba inapokea; aliyekariri anasahau mbele ya Pasaka.

Kwa Bwana Prefe. Wazazi wengi wa wanafunzi wa hapa wanachimba ao wanaosha mawe. Masomo yetu yangeweza, mara moja kwa mwezi, chini ya mwalimu, kupima mukuba ya jiwe la muzazi bila franka, na kumuandikia hesabu ku karatasi. Sisemi tutashinda mashini ya mununuzi. Karatasi yetu haitabadilisha bei siku moja. Lakini mutu anayeingia fasi ya biashara na hesabu yake mu kichwa hasimame sawa na yule anayeingia mikono mitupu.

Kwa wanafunzi wenzangu. Kuna wengine wanawaza kuacha masomo mu mwezi wa tatu, kwenda kuchimba. Siwezi kuwahukumu, nyumbani kwetu tunakula kwa kazi hiyo. Lakini angalieni neno hili. Mu Februari 2025 Serikali ilisimamisha kobalti kutoka inchini, sababu bei ilikuwa imeanguka, na mu Oktoba mwaka huo ikaweka kipimo cha tani zinazoruhusiwa kutoka. Bei inapanda na kuanguka, na mutu wa shimo haulizwe. Tena mu 1997 Goodenough huyuhuyu na wenzake walionyesha batri ya chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Leo motokari nyingi za umeme zinatembea na batri ya namna hiyo. Ni ya bei ndogo kidogo, haishike moto upesi, ingawa kwa uzito uleule inabeba umeme kidogo kupita ile ya kobalti.

Munaona mambo namna yako? Mutu anakaa mu labo mbali kabisa, mbele ya tablo ileile inayotundikwa ku ukuta wa darasa letu, anahesabu elektroni za d, na anaamua kama jiwe la yaya yangu litakuwa na bei nyuma ya miaka kumi ao litatupwa. Yeye hakuchimba hata siku moja. Sisi tunachimba, na hatuko mu kile chumba. Mwenzangu alisema zile elementi haziletee mutu franka. Mimi nasema zinaleta franka mingi sana, lakini zinaileta kwa yule anayezisoma mpaka mwisho.

Sitaki tuache kuchimba, na sitaki kila mutu awe mutu wa kemia. Nataka tu kwamba likizo ijayo, yaya wa mutu akiweka jiwe mu mukono wa mudogo wake na kuuliza «hii iko na ngapi?», yule mudogo asinyamaze sawa mimi.

Ile malakiti ya yaya yangu ilitoa 11 kwa mia. Ile nyeusi bado iko mu kabati ya labo; tunaendelea nayo. Nilimuandikia yaya ile hesabu ya kwanza. Alijibu kwa neno moja mu simu ya jirani: «Asante, mwalimu.»

Hilo njo wazo langu. Mwenye wazo lingine aandike mu namba ijayo, hata kama ni la kunipinga. Na mwenzangu wa mwaka wa tano nafasi yake ya kwanza.

Mwanafunzi wa mwaka wa 6, sehemu ya sayansi